Ukingoja Ukomae Ndipo Utii, Hutakomaa

Kuna fundisho moja limeota mizizi katika makanisa yetu, na kwa kuwa linavaa vazi la unyenyekevu, hakuna anayethubutu kuligusa. Linasema kwamba Mkristo hukua kwa kulishwa. Ahudhurie ibada, asikilize mahubiri, afunge, akeshe, aende semina, na polepole atajazwa. Akishajaa, ndipo atakapoweza kumtii Mungu katika mambo magumu. Kabla ya hapo yeye ni mtoto mchanga wa kiroho na hadaiwi kitu.

Muulize ndugu aliyeokoka miaka kumi iliyopita kwa nini hajalipa deni la jirani yake. Atakwambia, “Niombee, Mungu bado ananishughulikia.” Muulize dada kwa nini hajaongea na shemeji yake tangu mazishi ya mama mkwe. Atasema analiombea jambo hilo. Muulize mwingine kwa nini hili ni kanisa la nne analohamia, atajibu bila kusita kwamba kule alikotoka alikuwa halishwi.

Fundisho hili ni la uongo, na limetudhuru. Utii si tuzo anayokabidhiwa aliyekwisha kukomaa. Ndio njia yenyewe ya kukomaa, na hakuna nyingine. Mtu hamjui Mungu kupita pale alipomtii, hata awe amekesha mara ngapi.

Shuka kwenye matatu pale Satellite, Barabara ya Naivasha, kabla hujafika Kawangware. Siku ya Jumapili spika za kanisa hili zinashindana na za lile. Kanisa la mabati limepakana na la mawe, na madarasa ya shule yamekodishwa kwa ibada. Jumatano kuna maombi ya katikati ya wiki, Ijumaa kuna kesha, na redio ya injili inahubiri dukani kuanzia alfajiri mpaka duka lifungwe. Hakuna mtu wa Riruta, Ng'ando au Waithaka anayeweza kusema hajasikia. Na mambo hayako hivyo upande huu wa Nairobi peke yake. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Mwaka 2023, nchi hiyohiyo ilipata alama 31 kwa 100 katika orodha ya Transparency International inayopima jinsi ufisadi unavyoonekana katika sekta ya umma. Kama kusikia ndiko kukua, Kenya ingekuwa imekua. Tumeshiba mahubiri, na hongo bado inapita kaunta kwa kaunta, mikononi mwa watu waliobeba Biblia kwenye mikoba.

Lakini sitaki kuzungumza habari za wakubwa. Ni rahisi mno kumhubiria waziri. Nataka kuzungumza habari za mama fua.

Wanawake hawa hutoka Kawangware na Ng'ando mapema, wengine na mtoto mgongoni, wakakaa kando ya barabara wakingoja kuitwa, au wakapita mlango kwa mlango wakiulizia kazi. Anayeitwa hupatana bei mlangoni. Huteka maji kwenye tangi la chini akayapandisha ngazi kwa mikono, kwa sababu mfereji wa juu umekauka tangu Jumatano. Huloweka, husugua shuka, jinzi, sare za shule, na lile blanketi ambalo halikutajwa wakati wa kupatana. Ikifika saa kumi nguo zote ziko kwenye kamba, vidole vyake vimekunjamana, na sabuni imemchoma kwenye nyufa za ngozi. Hapo aliyemwita anamwambia, “Mama, leo sina, nitakutumia kwa simu jioni.” Jioni haitumwi. Jumatatu simu inaita bila kushikwa. Na Jumapili iliyo katikati ya siku hizo, aliyemwita yuko kanisani, safu ya tatu, ameinua mikono na machozi yanamtoka.

Sisemi machozi hayo ni ya bandia. Ni ya kweli, na hapo ndipo penye hatari. Huyu dada anatoka ibadani akiwa amesikia joto moyoni, ameburudishwa, amejihisi karibu na Mungu kuliko jana. Fundisho la kulishwa limempa kipimo cha kukua ambacho hakimgusi mama fua hata kidogo. Anaweza kuishi hivyo miaka ishirini akihesabu maendeleo: ameacha hiki, amejifunza kile, siku hizi anaomba saa nzima. Na mwanamke aliyefua nguo zake analala njaa Kawangware.

Maandiko yako wazi kuhusu jambo hili. Mambo ya Walawi sura ya 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zake zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hata serikali imelisema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatamka kwamba malipo ya kibarua wa siku yanadaiwa siku inapoisha. Hakuna fumbo hapa linalohitaji nabii wa kulifumbua. Dada huyu hana haja ya semina ya siku tatu wala ya kuwekewa mikono. Ashike simu atume pesa.

Na akizituma, jambo litatokea ndani yake ambalo mahubiri mia moja hayakuweza kulifanya. Tuseme zile shilingi 600 ndizo zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi. Alizizuia kwa sababu aliogopa. Akimlipa mama fua, anabaki na hofu yake mikononi, na mfuko mtupu, na Mungu. Usiku huo anapoomba riziki ya kila siku, kwa mara ya kwanza anaomba kwa kumaanisha. Imani ambayo juzi ilikuwa wimbo sasa ina kazi ya kufanya. Utii humpeleka mtu mahali ambapo anamhitaji Mungu kweli, na ni pale tu anapoweza kugundua kama Mungu anaaminika. Kitini pale kanisani hakuna mahali kama hapo. Kiti hakimdai imani yoyote.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Ni kweli, nami naliamini neno hilo kwa moyo wote. Lakini waraka uleule unafunguka kwa Paulo kusema alitumwa ili mataifa wapate kutii kwa imani, na unafungwa kwa maneno hayohayo katika sura ya 16. Kusikia kwa Paulo kuna mguu unaokwenda mahali. Nitaambiwa pia kwamba ninarudisha wokovu wa matendo, kwamba tunaokolewa kwa neema. Ndiyo, kwa neema. Waefeso sura ya 2 inasema hivyo katika mstari wa 8 na wa 9, mistari ambayo kila Mkristo wa Nairobi anaijua kwa moyo. Mstari wa 10 unasema tuliumbwa tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatayarisha tangu zamani tuenende nayo. Huo wa 10 hauandikwi kwenye vioo vya matatu. Simwambii mtu amnunulie Mungu wokovu kwa kumlipa mama fua. Namwambia asijiite mtu anayekua huku amekataa kutembea.

Tazama jinsi Yesu alivyowafanyia wale wakoma kumi katika Luka 17. Aliwatuma kwa makuhani wakajionyeshe wakati ngozi zao zilikuwa zingali zimeoza. Walitakaswa wakiwa njiani. Kama wangekaa chini wakasema wangoje kwanza wapone ndipo waende, wangekufa wakiwa wakoma wenye mafundisho mazuri. Makuhani waliobeba sanduku la agano walikanyaga maji ya Yordani wakati wa mavuno, mto umefurika hadi kingo zake, na maji yalisimama baada ya nyayo kulowa. Zakayo naye hakuandikishwa darasa la waumini wapya. Siku ileile alisimama akatangaza nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu, mara nne.

Hata historia yetu wenyewe inatushitaki. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotupa neno la salamu na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, haukuanzia kwenye mkutano wa hadhara wenye jukwaa. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, pale Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Moto ukashika kwenye hospitali ya Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeingia Kenya. Watu waliutambua kwa dalili gani? Wafanyakazi walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao. Madeni ya zamani yalilipwa. Waume waliwaomba msamaha wake zao mbele ya ushirika. Wamishenari Wazungu waliwaomba msamaha Waafrika kwa kiburi chao, na katika koloni ya miaka ile hilo lilikuwa jambo zito kuliko tunavyoweza kulipima leo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Nyumba zetu za Riruta na Dagoretti zimesimama ukingoni mwa nchi ya Wakikuyu, mwendo mfupi wa gari kutoka misheni ya Thogoto. Katika nchi hiyo, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao pia walikataa bunduki ya serikali ya kikoloni. Walisimama katikati bila silaha, wakachukiwa pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Sijui mtu atapata wapi ujasiri wa aina hiyo kwa kusikiliza tu. Naamini waliupata kwenye yale madogo. Mtu aliyekwisha kumrudia mwajiri wake akiwa ameshika kitu cha wizi, akasema mimi ndiye, amekwisha kufa kifo kidogo. Kifo kikubwa kilipobisha hodi, hakikukuta mgeni.

Sisi tumeurithi wimbo wao, tukaliacha lile deni bila kulipwa. Leo mwenye ploti ambaye ni mzee wa kanisa anamzungusha mpangaji aliyehama miezi mitatu, hataki kumrudishia diposti, anadai alipaka rangi, wakati rangi ni ileile iliyochubuka. Mpangaji naye, mwimbaji wa kwaya, amehama usiku na kodi ya miezi miwili. Wote wawili watakwambia wako katika msimu wa kutafuta uso wa Mungu.

Tumeonyeshwa mfano karibu, ndani ya jiji hili. Novemba 2024 Rais alitoa mchango wa mamilioni katika kanisa Katoliki la Soweto. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe. Maaskofu walikuwa wamekwisha kuandika na kusema mengi kuhusu siasa madhabahuni, na karatasi zimekuwepo miaka mingi. Lakini fedha zilipoambiwa zirudi, parokia ilijua inaamini nini, na hata sisi tusio Wakatoliki tulilazimika kuangalia vikapu vyetu vya sadaka. Nalisema hili kwa heshima, na kwa wivu. Wachungaji wangapi wa Kiprotestanti wamerudisha chochote?

Basi ombi langu ni kwa wachungaji, kwa sababu wao ndio walioshika ratiba. Punguzeni kutulisha. Badala ya mahubiri mapya Jumatano, waulizeni waumini wenu walifanya nini na yale ya Jumapili. Waulizeni kwa upole, katika vikundi vidogo vya nyumbani ambako mtu anajulikana kwa jina na kwa tabia. Anayedaiwa aseme anadaiwa na nani, na ndugu zake wamsaidie kulipa ikibidi. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5, alimwagiza mtu aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Mbona hatujawahi kuona ibada ikisimamishwa watu waende? Simamisheni moja. Watu watoke saa nne wakiwa na simu mikononi na nauli mfukoni, warudi saa saba. Watakaorudi watakuwa wachache, na nyimbo zao zitakuwa tofauti.

Na kabla ya hapo, anzieni nyumbani mwa Bwana. Kanisa lina askari wa lango anayelala kwenye kibanda cha mabati, lina mama anayefagia na kupanga viti Jumamosi, lina kijana wa kinanda ambaye kila mwezi anaambiwa Bwana atamlipa. Mnajua mnawadai uvumilivu kwa miezi mingapi. Wiki hii, kabla ya spika nyingine kununuliwa, walipwe.