Mbwa Mkali: Kosa ni la Asili Yake au la Mwenye Kumfuga?

Uingereza ilipiga marufuku aina nne za mbwa kwa sheria ya mwaka 1991, akiwemo Pit Bull Terrier. Tangu tarehe 1 Februari 2024, katika England na Wales ni kosa kummiliki XL Bully bila ya cheti maalumu, na akitolewa nje lazima afungwe mdomo na kamba. Wanaounga mkono wanasema watu wameuawa, wakiwemo watoto. Wanaopinga wanasema anayemharibu mbwa ni mwenye kumfuga.

Sisi tunarejea kwenye dini yetu. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ameruhusu kuuawa mbwa mwenye kuuma, hata kwa aliyehirimia, amemtaja kwa kitendo chake, si kwa asili yake. Na Wanachuoni wengi wamesema: anayemwachia mbwa anayemjua kuwa ni mkali hudhamini madhara yake.

Basi ndugu zetu mnaofuga mbwa wa kulinda shamba au mifugo, msingoje sheria ya serikali. Mfungeni, mlisheni, msimtese. Mtoto wa jirani ni amana.

Wa-Allaahu A‘lam.