Kizigua Kisiishie kwa Bibi

Karne ya 19 Wazigua wengi waliuzwa utumwani, wakapelekwa Somalia, bonde la Mto Juba. Huko waliishika lugha yao kizazi baada ya kizazi. Vita vya 1991 vilipowatimua, baadhi walikimbilia Tanzania, nchi ya mababu zao, wakapewa makazi Chogo, Handeni, nao wakaelewana na wenyeji kwa Kizigua. Inauma, basi, kuona Handeni na Korogwe watoto wakimjibu bibi kwa Kiswahili anapowasemesha Kizigua, Kisambaa au Kibondei. Kiswahili ni chetu sote; hakikui kwa kuua ndugu zake. Watu wa Wales, kwa mfano, wana televisheni ya lugha yao, S4C, tangu 1982. Sisi twaomba redio za wilaya ziruhusiwe walau saa moja ya ngano na vitendawili kwa lugha hizi. Wazazi waanze leo jioni, jikoni.