Habari za nyota hushukia Malindi, je, sisi tumo?

Ukimuuliza kijana wa mtaani kwetu kituo cha anga cha pale Ngomeni kinafanya nini, atakujibu, "Yale ni mambo ya Wataliano." Kwa miaka mingi hata mimi jibu langu lilikuwa hilo hilo. Leo naliona kuwa ni jibu la hasara.

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani, na ikapewa jina la Uhuru. Hewa yetu huzizuia eksirei hizo zisifike chini, ndipo chombo kikapelekwa juu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kazi haikuishia hapo. Disemba 2021, Marekani na Italia zilirusha setilaiti nyingine, IXPE. Hii iliruka kutoka Florida, lakini kituo kikuu kilichopangwa kupokea data zake kipo papa hapa Malindi.

Data hizo zinasema nini? Mwaka 1006, sawa na 396 Hijria, nyota ngeni ilitokea angani. Ali ibn Ridwan wa Misri, aliyekuja kuwa tabibu mashuhuri, aliiona na kuiandika. Ilikuwa nyota iliyolipuka. Mpaka leo mabaki yake yanatanuka kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, yakisukuma mbele yake wimbi la mshtuko.

Ndani ya wimbi hilo, nguvu za sumaku huzirusha chembe huku na huko. Kila zikivuka wimbi huongezeka nguvu, mfano wa mpira unaodunda baina ya kuta mbili zinazokaribiana. Elektroni hufikia karibu kasi ya mwanga, na zikipindwa na sumaku hutoa eksirei. Mwaka 1995, vipimo vya setilaiti ya Kijapani, ASCA, vilionyesha hayo kwenye kingo za mabaki ya nyota ile ile. IXPE nayo ikapima mpangilio wa sumaku yenyewe: imevurugika, lakini kwa jumla imeelekea nje, kule wimbi linakokwenda.

Haya si mchezo wa wataalamu. Tangu 1912 wanasayansi wanajua kuwa chembe kutoka angani hutupiga usiku na mchana. Zinapata wapi nguvu zile? Sehemu ya jibu imepitia Malindi.

Tunapozungumza kuhusu kituo hiki, aghalabu tunataja ardhi, kodi na vibarua. Ni haki yetu, na tusinyamaze. Lakini elimu nayo ni mali. Serikali ya kaunti, Shirika la Anga la Kenya na wazazi tuulize: mtoto wa Ngomeni anayesoma fizikia ana njia gani ya kufika mbele ya zile kompyuta? Tudai ziara za shule, mafunzo kwa walimu, na nafasi za masomo zenye idadi inayojulikana, kwa maandishi.

Isiwe habari inashuka uani kwetu, kisha tunaisoma baada ya kila mtu.