Hifadhi ya Wingu: Itumie, Usiitegemee Peke Yake

Mtahiniwa wa kidato cha nne, jiulize: notisi zako ziko wapi? Kama ziko kwenye daftari, unazo mkononi. Kama umezipiga picha kwa simu ya mzazi na kuzihifadhi mtandaoni, ziko kwenye kompyuta za kampuni fulani, pengine nje ya Tanzania, na huwezi kuzifikia bila intaneti. Hiyo ndiyo huduma ya wingu. Kwa maoni yangu, tuitumie, lakini isiwe mahali pekee tunapohifadhi kazi zetu.

Sisi wa Songea tunaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama umeme. Zamani mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2018 tukaunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako. Nafuu ilikuwa kubwa. Hata hivyo, tangu hapo hitilafu inayotokea mbali kabisa na Ruvuma inaweza kuzima taa za Lizaboni. Huduma za wingu nazo ziko hivyo: zinatupa uwezo ambao tusingeweza kuununua wenyewe, lakini hitilafu ya mbali inatugusa.

Faida zake ni za kweli. Kwanza, simu ikiibiwa au ikitumbukia majini, kazi yako haipotei. Pili, gharama ni ndogo: Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bure, nafasi inayotosha maelfu ya kurasa za notisi. Tatu, mwenzako aliye Mbinga anaweza kusoma muhtasari uliouandika Songea muda huo huo.

Hatari nazo ni za kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi jirani. Aliyekuwa na bando hakusalimika, wala aliyekuwa na simu ya bei kubwa. Aliyeweka kila kitu kwenye wingu alibaki kusubiri. Tena, ukisahau nywila unaweza kufungiwa nje ya kazi yako mwenyewe, na akaunti isiyotumika kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo. Kuhusu siri, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria haitakufungia akaunti uliyoiacha wazi kwenye kompyuta ya steshenari.

Wapo watakaosema, mtegemea cha nduguye hufa maskini, hivyo tuachane na wingu kabisa. Sikubaliani nao. Daftari nalo hulowa, huungua na huibwa. Tumwige mkulima wa mahindi wa Ruvuma: hupeleka magunia ghalani, lakini hubakiza ya chakula nyumbani.

Nawe fanya hivyo. Weka nakala moja kwenye wingu, nyingine kwenye flashi, na muhtasari wa mada ngumu uandike kwa mkono wako daftarini. Kisha usome. Wanafunzi wengi hupiga picha kurasa mia moja wakadhani wamejifunza kurasa mia moja. Novemba utaingia kwenye chumba cha mtihani bila simu wala flashi, na hapo utajibu kwa kile tu ulichokiweka kichwani.