Chokaa, na Wajibu wa Mwenye Ufunguo wa Bohari

Ndugu wanachama, mara nyingi katika ukurasa huu tumesema juu ya mishahara, likizo na vyeo, nayo ni mambo yatupasayo kuyasema. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya kitu duni, ambacho kila mmoja wetu amekiona tangu utoto wake wala hakukiogopa, nacho ni chokaa. Huenda wengine wakauliza, Chokaa yatuhusu nini sisi watu wa kalamu? Je, si kazi ya waashi na vibarua? Twajibu kwamba yatuhusu sana, maana hapana gunia la chokaa ya serikali liingialo kazini bila kupita kwanza katika leja ya karani, na katika bohari ambayo ufunguo wake u mkononi mwa karani.

Twajua bohari moja, wala hatutaitaja jina, iliyopokea magunia 20 ya chokaa. Hati ya muuzaji ilisema wazi kwamba magunia 10 ni ya chokaa iliyozimwa, na 10 ni ya chokaa isiyozimwa. Karani, kwa haraka ya kazi, aliandika katika leja yake, "Chokaa, magunia 20," akayapanga yote pamoja. Baada ya siku chache akaja kibarua kuchukua gunia la kupaka kuta za shule. Akapewa lililokuwa karibu na mlango. Akalimwaga ndani ya pipa, akatia maji juu yake kama alivyozoea kila mwaka, akainama ili akoroge. Chokaa ile haikuwa imezimwa. Ikachemka ghafula, ikamrukia usoni. Wenzake wakampangusa kwa kitambaa, wakampakia juu ya baiskeli kwenda hospitali, wala hapana aliyemwosha macho. Jicho moja limekufa kabisa. Karani alipoulizwa, Ulimpa chokaa gani?, alifungua leja yake, akakuta neno moja tu.

Hatusemi haya ili tumlaumu ndugu yetu. Kosa lake ni kosa ambalo wengi wetu twalifanya kila siku. Lugha yetu yatupa neno moja kwa vitu viwili, nasi twaliandika vivi hivi. Yafaa basi tujue vitu hivyo viwili vyatofautianaje.

Watu wa pwani tangu kale huchoma mawe ya matumbawe juu ya tanu la magogo, na kwa chokaa hiyo yalijengwa majumba ya Kilwa, ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja. Hata leo waashi watengenezao majengo hayo huihitaji, kwa kuwa ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji hufungiwa unyevu ndani, bali chokaa huuacha unyevu utoke. Jiwe hilo likichomwa kwa moto upatao digrii 900 za sentigredi hutoa hewa ya kaboni iliyomo. Katika kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 huondoka kwa hewa hiyo, na kilo 56 hubaki. Hizo 56 ndizo chokaa isiyozimwa, nayo ina kiu kali ya maji. Ikipata maji hunywa kilo 18, ikawa kilo 74 za unga mweupe mkavu, na huo ndio chokaa iliyozimwa. Katika kunywa kwake hutoa joto jingi hata maji yaliyosalia huchemka, tena hufura mara mbili au zaidi ya ukubwa wake wa kwanza. Hiyo iliyozimwa nayo, ikikaa wazi, huvuta tena hewa ya kaboni, ikarudi pole pole kuwa jiwe. Ndivyo ukuta ukazavyo, na ndivyo gunia liharibikavyo.

Mwenye bohari akiyafahamu haya, ataona mara moja sababu ya kila kanuni ya kuiweka. Chokaa isiyozimwa isiwekwe mahali ambapo mvua yaweza kuvuja au maji kupita chini. Magunia ya chokaa yapangwe juu ya chaga au matofali, mbali kidogo na ukuta, yafunikwe vizuri, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Isiyozimwa iwe peke yake, katika vyombo vya chuma vyenye vifuniko vikiwezekana, wala isiwekwe pamoja na mbao, karatasi, magunia matupu, mafuta ya taa au petroli, maana ikinyeshewa joto lake laweza kuwasha moto. Iwe mbali pia na maji makali ya betri. Kisha isitiwe katika vyombo vya aluminiamu, kwa kuwa chokaa yenye maji huvila, na katika kuvila hutoa hewa iwezayo kushika moto. Gunia likionekana limelowa na kupata joto, mtu asilimwagie ndoo ya maji. Watu waondoke karibu, vitu viwezavyo kuungua viondolewe, na mchanga mkavu utumike.

Hapa twapenda kuwaonya wapenda mizani. Gunia la chokaa isiyozimwa lililokaa katika unyevu laweza kuonekana limezidi uzito, na karani akafurahi kwamba hapana upungufu. Kumbe chokaa imekwisha kunywa maji ya hewani, kazi yake imepungua, na gunia lenyewe li karibu kupasuka. Leja itasema mali ipo, lakini mwashi hataiona.

Ama chokaa iliyokwisha zimwa kwa maji mengi, ikawa laini kama ugali mwepesi, hiyo huwekwa shimoni chini ya maji bila kuharibika, tena huzidi kuwa njema. Pliny, mwandishi wa Rumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba sheria za ujenzi za zamani zilimkataza mjenzi kutumia chokaa isiyotimiza miaka mitatu. Lakini shimo hilo lizungushiwe ua imara na kufunikwa, kwa ajili ya watoto na wanyama, maana juu yake huonekana kama maji matulivu tu.

Katika kuzima, kanuni kubwa ni hii: chokaa hutiwa katika maji, si maji juu ya chokaa. Maji mengi yawe tayari kwanza, kisha chokaa itiwe kidogo kidogo kwa koleo lenye mpini mrefu, na mtu asiinamie chombo. Avae miwani ifungayo macho pande zote, glavu za mpira, mabuti, shati la mikono mirefu, na kitambaa safi au barakoa puani. Ndoo ya maji safi yenye kifuniko iwe karibu naye tangu mwanzo wa kazi hata mwisho.

Wako wasemao kwamba haya ni woga, kwa kuwa wazee wetu hutia chokaa katika tambuu wala hawafi. Twawajibu kwamba ya tambuu imekwisha zimwa, tena ni ya kupaka kwa ncha ya kidole. Hata hiyo, ikiingia jichoni mwa mtoto ni msiba. Chokaa iliyozimwa haichemki, lakini bado ni kali; hula ngozi, na ikikaa mbichi mikononi au magotini kwa saa nyingi hufanya kidonda kabla mtu hajasikia maumivu. Waalimu wapigao mistari ya uwanja wa mpira kwa chokaa na wayakumbuke haya, wasiwape watoto kazi hiyo.

Ikiingia jichoni, dakika za kwanza ndizo zitakazoamua. Ukali wa chokaa hauishii juu ya jicho, bali huzidi kupenya ndani. Mtu asisugue jicho. Afunguliwe kope kwa vidole, amwagiwe maji safi mengi papo hapo kwa muda usiopungua dakika 20, hata chini ya kope ambako chembe hujificha, kisha apelekwe hospitali huku akiendelea kuoshwa njiani. Asitiwe siki, wala ndimu, wala maziwa, wala mafuta. Ikiwa ni unga mkavu juu ya ngozi, upanguswe kwanza, nguo zivuliwe, kisha aoshwe kwa maji mengi. Lau wenzake yule kibarua wangaliyajua haya, huenda leo angaliona kwa macho mawili.

Sasa twaja kwa wajibu. Sheria zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Kenya nayo ilitunga sheria zake za usalama kazini na za mafao ya majeraha mwaka 2007. Sheria hizo humtaka mwajiri awalinde watu wake, na anayeumia kazini apate haki yake. Lakini sheria haiendi bohari kufungua mlango. Vilevile mtu aliyeumia hawezi kupata haki yake upesi ikiwa daftari la ajali halikuandikwa siku ile, au ikiwa jina lake halimo katika orodha ya vibarua. Kalamu ni yetu, na madaftari hayo ni yetu.

Basi twawaomba wanachama wenye bohari mambo haya. Kwanza, neno "chokaa" lisiandikwe tena peke yake. Liandikwe "iliyozimwa" au "isiyozimwa" katika leja, katika hati ya kutolea, na juu ya gunia lenyewe kwa herufi kubwa. Na kwa kibarua asiyejua kusoma, aelezwe kwa mdomo kabla hajaondoka mlangoni. Pili, hati ya kuagizia chokaa isipelekwe bila mstari wa miwani na glavu chini yake. Mkubwa akiukata mstari huo, na aukate kwa sahihi yake. Tatu, paa la bohari likivuja, karani aandike barua yenye tarehe na kubaki na nakala. Tumeona ndugu zetu wakitozwa fedha kwa chokaa iliyoharibiwa na mvua ambayo walilalamikia kwa mdomo tu, nao hawakuwa na karatasi ya kuwatetea.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jicho la mtu si ukuta; likibomoka halijengwi tena. Kibarua achukuaye gunia kutoka mkononi mwetu hakusoma hati ya muuzaji, nasi tumeisoma. Kwa hiyo yatupasa tumwambie tulichokisoma.