Mashine ya bei ndogo, wazazi ndio wanailipa

Mwaka uliopita, siku mbili mbele ya mitihani, mtoto wangu alirudi nyumbani na kikaratasi kutoka kwa sekreteri wa shule yao, hapa Bukavu. Kila mwanafunzi alipashwa kuleta franka 3.000 za fotokopi, juu ya zile tulikwisha kulipa mwanzoni mwa mwaka. Nilienda kuuliza. Prefe, mtu wa heshima, alinionyesha mashine kwenye meza yake: imprimanti ndogo ya leza, mpya kabisa, haijamaliza hata miezi tatu.

« Papa, mashine iko nzima, alisema. Ni toneri ndiyo imeisha, na toneri ingine inaomba karibu nusu ya bei ya mashine. »

Basi mitihani yote ilipelekwa Nyawera, kwenye sekretaria za kando ya barabara, na ikalipwa ukurasa kwa ukurasa. Sikumkasirikia yule prefe. Ninachokasirikia ni namna tunanunua mashine za ofisi katika inchi hii, kwani si shule ile peke yake.

Tunafanya hivi: ofisi ikihitaji mashine, mtu anatumwa mjini, anauliza bei kwenye magazini tatu ao ine, anarudi na ile ya bei ndogo, na kila mtu anamshukuru. Hakuna anayeuliza toneri moja inatoa kurasa ngapi, ni ya bei gani, na kama inapatikana hapa ao ni lazima itoke Kampala ao Dubai. Bei ya mashine tunailipa mara moja. Bei ya toneri tunailipa mpaka mashine ife.

Tupige hesabu. Chukua shule ya wanafunzi 600, masomo 8 ya mtihani, kurasa 4 kwa kila somo. Hizo ni kurasa 19.200 kwa kipindi kimoja cha mitihani. Sasa toneri ya HP 85A, ile inayotumiwa na mashine ndogo kama LaserJet P1102 ambazo ziko kila pahali, imeandikiwa kurasa 1.600. Shule ile itahitaji toneri 12 kwa mitihani ya mara moja tu! Fotokopi ya ofisi kama Canon iR 2520 inatumia toneri iliyoandikiwa kurasa 14.600, kwa hiyo moja na kipande cha ya pili zinatosha. Na mara nyingi toneri inayokuja ndani ya karto pamoja na mashine ndogo mpya ni ya kuanzia tu, pengine ya kurasa 700. Zigawanye kwa 4: wanafunzi 175, somo moja, basi imeisha.

Tena hesabu hizo za wenyi kutengeneza mashine zinapimwa na ukurasa ambao wino unafunika sehemu ndogo tu, kama 5 kwa 100. Mwalimu wa jeografia akiweka ramani ya Afrika yenyi kivuli cheusi, unga unaenda mbio.

Najua watu watanijibu kwamba fundi wa Kadutu anajaza unga ndani ya kartushi kwa bei kidogo sana. Ni kweli, na mimi pia namtumia. Lakini katika hizi mashine ndogo nyingi, ile ngoma inayoshika picha iko ndani ya kartushi yenyewe, na inachakaa. Ukijaza mara ya kwanza inatoa vizuri. Mara ya tatu unaona mistari ya kijivu, na mzazi analetewa karatasi ya matokeo ambayo namba 3 inafanana na 8. Kuna mashine zingine, kama za Brother, ambazo ngoma na toneri vinatengana, unabadilisha kile kilichokufa peke yake. Kwa ofisi ya pesa kidogo, hiyo ni maana ya kwanza ya kuchagua, mbele hata ya mwendo wa mashine.

Je, kila shule inunue fotokopi kubwa ya okazioni? Hapana, si hivyo. Ile mashine ni mzito kwa umeme. Leza haipakai wino wa maji; inaweka unga kwenye karatasi na kisha inauyeyusha kwa moto wa karibu digri 200. Kila mara inapojipasha moto, mashine ndogo inaweza kuvuta wati mia kadhaa, na kubwa inapita wati 1.000. Ndiyo sababu jenereta ndogo ya wati 650 inalia na kuzimika, na ndiyo sababu onduleri ya ordinateri inakufa pamoja na mashine uliyoifunga kwake. Hapa tunajua delestaji: umeme unakatika katikati ya ukurasa, karatasi inabaki ndani, na kisha moto unarudi na nguvu isiyo yake. Asiye na stabilizateri nzuri asinunue mashine kubwa. Na aangalie nyuma yake kama imeandikwa volti 220, sababu zile zilizotoka Marekani ni za 110 na zinaungua siku ya kwanza.

Mwenyi kuuza okazioni, mwambie atoe ukurasa wa hesabu. Mashine inachunga namba ya kurasa zote imekwisha kutoa, sawa vile gari linachunga kilometri. Akikataa, ondoka. Akikubali, na namba ni kubwa, si lazima ukimbie: mara nyingi kinachokufa ni kaucho ndogo za kuvuta karatasi, na fundi anazibadilisha kwa saa moja. Mashine ngapi ziko kwenye korido za ofisi zetu, zimefunikwa kitambaa, zinaitwa mbovu, kumbe zinangoja kaucho tu?

Kuhusu vumbi na baridi niseme kifupi. Ndugu zetu wa Goma wanajua vile vumbi la lava linaingia kila pahali. Kwetu ni maji ya hewa. Acha karatasi ndani ya kifuniko chake mpaka saa ya kutumika, utapunguza nusu ya hasira zako.

Kuna jambo lingine ambalo sisikii mtu analisema. Fotokopi nyingi kubwa za ofisi ziko na diski ndani, kama ordinateri, na diski ile inaweza kubakia na picha za makaratasi yaliyopita. Kwetu, kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu wengi, na kila ofisi inaomba kopi yake. Ofisi inapouza mashine yake ya zamani, ni makaratasi ya nani inauza pamoja nayo? Diski inapashwa kufutwa ao kutolewa mbele ya mashine kutoka mlangoni.

Na hapo narudi kwenye mitihani ya mtoto wangu. Franka 3.000 zinauma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba maswali yalichapwa kando ya barabara, mbele ya watu wanaongoja zamu yao, na mashine ambayo si ya shule. Jioni ile vijana wa mtaa wetu walikuwa tayari wanayajua maswali mawili ya fizike. Shule iliyookoa dola chache kwenye mashine iliuza siri ya mitihani yake bila kujua.

Shule tatu za jirani zinaweza kununua mashine moja ya nguvu pamoja, na stabilizateri yake, na kumlipa fundi mmoja. Niliisema kwenye kamati ya wazazi. Wakanijibu kwamba kuna mradi umeahidi kutuletea imprimanti ya rangi. Ya rangi! Toneri ine badala ya moja, kwa shule inayochapa maswali meusi kwenye karatasi nyeupe.

Mkutano wetu unarudi mwezi ujao. Nimekwisha kuandika maulizo yangu kwenye karatasi, na ni moja tu: toneri yake inatoa kurasa ngapi, na nani atailipa?