Gamba la Kobe Ni Mfupa

Juma hili tunajibu swali la mama mwenzetu. Watoto wake wanafuga kobe mdogo wa miaka 2, na gamba lake limelegea; ukilibonyeza linaingia ndani.

Gamba si nguo ya kobe. Ni mfupa wake, lina damu na linasikia maumivu. Basi watoto wasilitoboe ili wafunge kamba, wala wasilipake rangi.

Kobe anayefungiwa ndani ya karton na kulishwa bugali, mfupa wake haukomai: amekosa jua na kalisiamu. Tumtoe kwenye jua la asubuhi, pawe na kivuli karibu. Tumpe nyasi na majani mabichi, na maji katika sahani isiyo na kina. Maganda ya mayai tuyachemshe, tuyakaushe, tuyasage, kisha tunyunyize kidogo juu ya majani. Lakini huyu aliyekwisha kulegea, mama ampeleke kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

Tena, kobe hata akiwa mzima anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kila mtoto akimshika, anawe mikono kwa sabuni.